Ngome Kongwe ya Zanzibar: jinsi ya kuizuru na kununua kazi za mikono bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Wageni wengi huingia Ngome Kongwe kwa kupita njia tu. Wametoka bustani ya Forodhani iliyo mbele yake, jua limewachoma, wanaona lango liko wazi. Wanazunguka dakika kumi, wananunua kinyago au kipande cha kanga, wanatoka. Hapo wamepoteza vitu viwili. Jengo lenyewe, ambalo ni la zamani kuliko karibu kila jumba lililo jirani yake, hawakuliona. Na hiyo kazi ya mkono waliyoibeba, mara nyingi haikutengenezwa Zanzibar, na pengine haikutengenezwa kwa mkono.

Tenga saa tatu. Nusu saa ya jengo, saa nzima ya kutazama bidhaa bila kununua, na muda uliobaki wa kuchagua, kupatana bei na kufungiwa mzigo. Kama una saa moja tu, tazama jengo, kisha chagua bidhaa ya aina moja na uichunguze hiyo peke yake.

SIKU, SAA NA VIFAA

Maduka ya ndani hufunguliwa taratibu kuanzia saa 3 asubuhi. Saa nzuri ni hizo za mwanzo, hadi saa 5 hivi, au baada ya sala ya alasiri. Mchana kati ya saa 6 na saa 9 ua wa ndani huwa na joto kali kwa sababu kuta ndefu zinazuia upepo wa bahari, na ukishachoka kwa joto hutachunguza kitu, utalipa tu ili uondoke. Ijumaa adhuhuri wenye maduka wengi huenda msikitini, kwa hiyo usipange kufika kabla ya saa 8 mchana. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu mchana. Mavazi ni yale yale ya mjini Unguja siku zote: mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Msimu nao una athari zake. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, wageni ni wachache na wauzaji hulegeza bei, lakini unyevu ni mwingi: mikeka na vikapu hushika ukungu, na picha za rangi ya mafuta huchelewa kukauka. Matamasha makubwa kama ZIFF la filamu na Sauti za Busara la muziki yamekuwa yakifanyika humu ngomeni, na siku hizo sehemu ya jukwaa huwa kwa wenye tiketi. Kama lengo lako ni kununua, epuka siku za tamasha, maana bei hupanda na muuzaji hana muda wa kukueleza chochote.

Chukua vitu hivi, vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja mdogo:

- tepu ya kupimia ya fundi cherehani
- sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji
- kitambaa cheupe cha pamba na chupa ndogo ya maji
- tochi ya simu
- noti ndogo ndogo za shilingi elfu moja, mbili na tano
- magazeti ya zamani matatu au manne na utepe wa karatasi wenye gundi

Kila kimoja kina kazi yake hapo mbele.

KUFIKA

Boti za kasi kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili hadi bandari ya Malindi. Mtanzania abebe kitambulisho. Anayetoka nchi nyingine abebe pasipoti, kwa sababu Zanzibar ina ukaguzi wake wa uhamiaji hata ukitokea Dar. Ukitoka bandarini fuata barabara ya Mizingani, bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Utapita Jumba la Ithnasheri lenye vibaraza vya nakshi, kisha mti mkubwa, kisha Beit-el-Sahel, kasri la zamani la masultani, kisha Beit-al-Ajaib. Kinachofuata ni ngome. Ni mwendo wa dakika kumi hadi kumi na tano kwa miguu. Kutoka uwanja wa ndege, daladala namba 505 hukuleta mjini, na ukishafika Darajani unakata vichochoro.

Bandarini utakutana na mapapasi, yaani waongozaji wa mitaani wasio rasmi. Si watu wabaya wote, ila elewa hesabu yao: akikusindikiza hadi dukani, mwenye duka humpa chochote, na hicho chochote huongezwa kwenye bei yako. Sema “ahsante kaka, njia naijua” na uendelee kutembea. Ukitaka mtembezaji wa kukueleza historia, chukua mwenye leseni, mpatane malipo kabla ya kuanza, na umwambie waziwazi kwamba maduka utayaingia peke yako baada ya kuachana naye.

ANZA NA JENGO

Simama katikati ya bustani ya Forodhani, mgongo uelekee baharini. Kushoto ni Beit-al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Kulia ni ngome: kuta nene za rangi ya udongo, meno juu yake, minara ya mviringo kwenye pembe.

Wareno walijenga kanisa kwenye kiwanja hiki kati ya 1598 na 1612. Waomani walipowang'oa Wareno Mombasa mwaka 1698, baada ya kuizingira Fort Jesus kwa karibu miaka mitatu, walihitaji mahali pa kuilinda Unguja ili Wareno wasirudi, wakajenga ngome palepale penye kanisa. Mwaka 1754 iliwasaidia kuuzuia ukoo wa Mazrui uliokuja kutoka Mombasa. Karne ya 19 ikawa jela na kambi ya askari, na waliohukumiwa kifo waliuawa nje ya ukuta wa mashariki. Ndiyo maana wazee wa mjini bado hupaita Gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikatumika kama karakana na stoo ya reli ndogo ya Bububu. Mwaka 1949 ikageuzwa klabu ya kina mama, na humo ndani kukawa na uwanja wa tenisi. Jukwaa la wazi la ngazi za nusu duara unaloliona leo lilijengwa miaka ya 1990. Kwa hiyo soko la kazi za mikono ni mpangaji wa juzi tu katika nyumba iliyokwisha kuwa na wapangaji wengi.

Kuingia mchana kwa kawaida hakuna kiingilio. Unacholipia ni maonyesho ya jioni. Mtu akikudai “tiketi ya ngome” nje ya lango, mpite.

Ndani, fuata mpangilio huu. Kwanza sogelea ukuta mahali plasta ilipobanduka. Utaona mawe ya matumbawe, yenye vitundu vya wadudu wa baharini, yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu: maji yanayopanda kutoka ardhini hutoka taratibu usoni mwa ukuta na kukauka. Sasa tafuta kiraka cha kijivu, kigumu, chenye uso laini kuliko kuta nyingine. Hiyo ni saruji ya marekebisho ya baadaye. Saruji haipumui, hivyo chumvi na maji hujikusanya nyuma yake na kuimeng'enya plasta ya pembeni, na ndiyo maana mara nyingi ukuta hubomoka kandokando ya kiraka wakati kiraka chenyewe kiko imara. Mji Mkongwe mzima una ugonjwa huu. Ukishauona hapa utauona kila kichochoro.

Pili, tafuta mabaki ya ukuta wa lile kanisa yaliyomezwa na ukuta wa ndani wa ngome. Wengi hupita mbele yake bila kujua. Uliza mlinzi au mwenye duka mzee, atakuonyesha kwa kidole. Tatu, inua macho kila unapopita chini ya dari ya zamani: boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu. Boriti ya mkoko mara chache huzidi mita tatu kwa kazi ya dari, ndiyo sababu vyumba vya majengo ya zamani ya pwani huwa virefu na vyembamba. Mwisho ni jukwaa. Panda ngazi zake hadi juu uone ua wote na jinsi maduka yalivyopangwa kandokando. Hapo ndipo pa kupangia mzunguko wako. Juu ya kuta zenyewe usipande. Mawe ya matumbawe yaliyolegea hayatoi ishara kabla ya kudondoka.

MZUNGUKO WA KWANZA: MIKONO MFUKONI

Pita duka kwa duka bila kununua. Salimia kwanza, tena kwa utulivu: “Assalamu alaykum”, au “shikamoo” kwa mtu mzima, halafu habari za asubuhi, ndipo uangalie. Anayeingia na kuuliza bei kabla ya salamu ameshajitambulisha kwamba ana haraka, na haraka ina bei yake.

Katika kila duka uliza maswali mawili tu. “Hii imetoka wapi?” na “Fundi wake ni nani?” Usiulize kama ni ya asili, kila mtu atakujibu ndiyo. Muuzaji anayesema bila kusita “hivi vya mawe vinatoka Kisii, Kenya, hivi vinyago vimetoka bara, hii mikeka anasuka dada yangu” ndiye wa kurudi kwake, hata kama bei yake ya kuanzia iko juu. Anayesema kila kitu kimetengenezwa na yeye mwenyewe, kuanzia shanga hadi masanduku, mshukuru na uondoke.

Kwa haki yote, hakuna kosa kuuza bidhaa za bara Unguja. Zanzibar ni mji wa biashara tangu enzi za majahazi. Ila kama unataka kazi ya Unguja au Pemba, tafuta ya kusukwa, kofia, masanduku na hina. Vinyago vya mpingo ni sanaa ya Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Shanga nyingi ni za Kimasai. Sabuni za mwani na mafuta ya nazi ni za hapahapa, lakini hizo hazihitaji mwongozo.

JINSI YA KUCHUNGUZA KILA BIDHAA

Mikeka, misala, vikapu na makawa. Hii ndiyo bidhaa inayostahili pesa yako zaidi na ndiyo wageni huidharau. Malighafi ni mbili: ukindu, ambao ni laini na hung'aa, na miyaa, ambayo ni ngumu zaidi na inafaa kwa vikapu vya kubebea. Majani huanikwa juani hadi yapauke, huchanwa, mengine huchemshwa na rangi, kisha husukwa kuwa ukili, yaani utepe mrefu. Ukili huo ndio unaoshonwa ubavu kwa ubavu hadi kupata mkeka. Kwa hiyo ubora unaupima sehemu mbili.

Kwanza ukili: ukiwa mwembamba na nyuzi zake nyembamba, kazi ni kubwa zaidi na mkeka hudumu. Pima upana wake kwa tepu sehemu tatu tofauti. Msusi mzuri haachi ukili ukanenepa katikati ya safari. Pili mshono: vuta taratibu pande mbili za maungio. Ukiona mwanga unapita au uzi unalegea, mkeka utafunguka ndani ya mwaka. Kisha lowesha kitambaa cheupe kidogo, kisugue kwenye rangi mara kumi. Alama hafifu si neno. Kitambaa kikigeuka chekundu au zambarau, rangi haikuiva kwenye maji ya moto, na siku ya kwanza ya jasho itahamia kwenye kanzu yako. Malizia kwa pua: mkeka mzuri unanuka majani makavu. Harufu ya stoo yenye unyevu ni ukungu, hata kama huuoni bado.

Kofia. Kofia ya mkono ina sehemu mbili, kifuniko cha juu na mzunguko wa pembeni, na kila sehemu ina vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Wanaoshona wengi ni wanawake majumbani, na kofia moja yaweza kuchukua wiki nyingi. Kofia ya mashine inatengenezwa kwa dakika. Kuzitofautisha, iweke kofia mbele ya tochi ya simu. Ya mkono hupitisha mwanga kwenye kila tundu, na matundu hayalingani kabisa. Ya mashine mara nyingi ni uzi uliozungushwa juu ya kitambaa kisichotobolewa. Geuza ndani: ya mashine ina uzi unaoruka kutoka ua moja hadi jingine kwa mfululizo, wakati ya mkono huanza na kuishia. Pima kichwa chako kwa tepu, juu kidogo ya masikio, na upime mzunguko wa kofia kwa ndani. Usikubali “itaachia”. Kofia iliyotiwa wanga haiachii, inapasuka mshono wa juu.

Masanduku ya njumu. Sanduku la Zanzibar ni mbao ngumu iliyopambwa kwa bamba na misumari ya shaba. Tumia sumaku: shaba haivutwi. Sumaku ikinasa, umeonyeshwa chuma kilichopakwa rangi, na kwa hewa ya chumvi kitaota kutu kabla ya mwaka kuisha. Fungua kifuniko na unuse. Harufu kali ya vanishi maana yake “sanduku la babu” limepakwa wiki iliyopita. Angalia bawaba, kisha chini ya sanduku na nyuma yake, mahali ambapo mchongaji mvivu huweka plaiwudi. Droo za siri zichomoe zote. Zikikwama Unguja kwenye unyevu, Dodoma au Nairobi zinaweza kulegea, na zinazocheza huru Unguja huko bara zitaanguka. Sanduku jipya lililotengenezwa vizuri ni kitu cha kujivunia, huna haja ya kulipia uzee wa uongo. Na kama kweli ni la kale, au ni mlango wa nakshi wa zamani, usilitoe nchini bila kibali cha mamlaka ya mambo ya kale.

Vinyago vya mpingo. Mpingo wa kweli ni mzito kuliko unavyotarajia, na kipande chake kikitumbukizwa kwenye maji huzama. Hutaruhusiwa kutumbukiza kinyago kizima, basi tumia vipimo vingine. Shika viwili vya ukubwa sawa, kimoja kila mkono. Lowesha kitambaa cheupe na usugue chini ya kitako, si usoni: mbao nyepesi iliyopakwa kiwi ya viatu itaacha weusi. Tafuta pia ukanda wa rangi ya maziwa au manjano, ambao ni sehemu ya nje ya mti. Wachongaji wengi huuacha makusudi, na ni vigumu kuughushi. Kisha zungusha kinyago kwenye mwanga wa nje ukitafuta nyufa, hasa kwenye miguu na kwenye kitako. Ufa uliojazwa nta na unga wa mbao huonekana umefifia kuliko mbao inayouzunguka. Mpingo hupasuka ukihamishwa haraka kutoka pwani hadi mahali pakavu, na ufa mdogo wa leo ni ufa mkubwa wa Desemba.

Picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo huu Dar es Salaam mwaka 1968, akichora kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, hadi alipofariki mwaka 1972. Leo picha nyingi huchorwa kwenye turubai na zinafanana duka kwa duka: twiga wale wale, ndege wale wale. Kurudiarudia si utapeli, ndivyo mtindo unavyokwenda. Utapeli ni picha ya kuchapishwa. Ilaze picha mlalo usawa wa jicho, uitazame kwa pembeni mwangani: rangi ya brashi ina kingo zilizoinuka, ya mashine ni tambarare. Bonyeza rangi nene kwa kidole, kwa adabu. Ikinata, haijakauka, na ukiikunja itajishika yenyewe na kubanduka. Pinda kidogo kona moja ya turubai. Rangi ikipasuka hapo, itapasuka njia nzima.

Kanga. Usinunue ngomeni isipokuwa umependa moja kiasi cha kushindwa kuondoka. Nyingi huuzwa upande mmoja mmoja wakati kanga inauzwa doti, na bei ya upande mmoja hukaribia ya doti zima Mchangani au Darajani, dakika chache kwa miguu. Huko ndiko wenyeji wananunua.

HINA, NA KWA NINI UIKATAE PIKO

Ukikuta kina mama wanachora hina, uliza kitu kimoja: “Hii ni hina au piko?” Hina ya majani ina rangi ya udongo wa kijani au kahawia, inanuka majani na mafuta, hukaa mkononi saa kadhaa, na ukiikwangua inaacha rangi ya chungwa ambayo hukolea siku ya pili. Piko ni nyeusi na hushika chini ya nusu saa, kwa sababu ni dawa ya kutia nywele rangi. Ina kemikali inayoweza kuchoma ngozi, kuleta malengelenge na kuacha kovu lenye umbo la ua ulilochorwa. Madhara huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, kwa hiyo kujaribu kidogo kwenye kiganja hakukuhakikishii lolote. Kwa mtoto usiruhusu kabisa. Hina ya kawaida ni nzuri na haina haraka. Nayo ndiyo sababu ya kuianza asubuhi, si nusu saa kabla ya boti.

VITU VYA KUACHA DUKANI

Magamba ya ng'amba na kasa, pembe za ndovu, matumbawe meusi na makome makubwa. Pembe na kasa ni kosa la jinai kusafirisha, na ushahidi wa “niliuziwa hadharani” haukusaidii uwanja wa ndege. Makome na matumbawe yaliyopo dukani mengi yalivuliwa yakiwa hai. Mpingo uko kwenye orodha ya miti inayodhibitiwa kimataifa, lakini bidhaa zilizokamilika kama vinyago zinaruhusiwa hadi kilo 10 za mbao hiyo kwa mzigo mmoja. Ukizidisha utahitaji vibali.

KUPATANA BEI

Sasa una orodha ya maduka mawili au matatu. Kabla ya kurudi, toka nje kidogo uingie mtaa wa Gizenga nyuma ya ngome, uulize bei ya kitu kinachofanana. Bei ya chini kabisa uliyoisikia bila kupatana ndiyo unayoanzia kazi, si ile ya duka la kwanza.

Omba bei kwa shilingi. Bei ya dola hukadiriwa kwa kuzungushwa juu, na chenji hupotea katikati. Muuzaji akitaja bei, nyamaza kwanza, ukiendelea kukishika kitu. Kisha sema “punguza kidogo, fundi” kabla hujataja namba yako. Mara nyingi hushuka mwenyewe. Taja kiasi ambacho kweli uko tayari kutoa, maana akikubali ukaghairi umemkosea, na duka la jirani watakuwa wameshasikia. Ukinunua vitu viwili au vitatu kwa mtu mmoja, patana kwa jumla. Ikifika “bei ya mwisho” mara mbili, imefika.

Kwenye mikeka na kofia za mkono usikaze sana. Kazi ya wiki kadhaa ikishushwa hadi bei ya chakula cha mchana, anayepunjwa ni msusi aliyeko shamba. Mwenye duka hachukui hasara hiyo. Kazia vinyago vilivyojaa kila duka.

Lipa kwa noti ndogo au kwa simu, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Omba risiti iliyoandikwa bidhaa na bei. Utaihitaji ukiulizwa bandarini ukirudi bara na mzigo mkubwa.

KUFUNGA MZIGO

Simamia ufungaji mwenyewe, usiache kitu kifungwe “nyuma”. Kubadilishiwa hutokea hapo. Picha ya turubai hutolewa kwenye fremu, huviringishwa uso wa rangi ukiwa nje, gazeti safi likiwa juu yake, kwenye duara lenye upana wa kiganja au zaidi. Kuviringisha rangi kwa ndani kunaikunja na kuivunja. Kinyago huviringishwa gazeti tabaka kadhaa, sehemu nyembamba kama mikono na pembe zikijazwa karatasi kwanza, kisha kitambaa. Plastiki iliyobana usitumie, maana hufungia unyevu ndani. Mkeka huviringishwa, haukunjwi. Alama ya mkunjo kwenye ukindu haitoki. Kofia ijazwe kitambaa laini na iwekwe juu ya mzigo. Kwenye sanduku, funga droo kwa utepe wa karatasi, na ujaze ndani nguo zako mwenyewe.

Ukifika nyumbani, hasa ukiishi bara penye ukavu au ughaibuni penye kupasha nyumba moto, acha mpingo ndani ya gazeti lake wiki mbili au tatu kabla ya kuufungua kabisa, kisha uupake mafuta kidogo, uuweke mbali na dirisha la jua. Mkeka ufungue siku ileile, uuanike kivulini penye upepo pande zote mbili. Ukiona vidoa vya kijivu, vifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji na siki kidogo, halafu juani nusu saa, si zaidi.